Tangi la kahawa halisomi saa

Msimu wa kahawa wa Mbozi na Mbinga, kusini mwa Tanzania, ukianza, unaanza na swali lilelile: "Tuvundike saa ngapi?" Yaani, kahawa iliyomenywa ikae tangini kwa muda gani mpaka utelezi ulioizunguka punje uachie. Ukijibu kwamba inategemea, unaonekana unakwepa. Kwenye madaftari ya vikundi vingi imeandikwa 36, tena imepigiwa mstari, na tangi halifunguliwi mpaka zitimie hata kama kahawa ilikuwa tayari tangu usiku uliopita. Siku hizi imeingia na namba mpya, 72, kutoka kwenye video za simu. Hiyo nitaifikia.

Yaliyo kabla ya tangi nayapitia haraka. Vuna mbivu tupu, tumbukiza kwenye maji uondoe mapepe, menya siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 8. Mashine ya kumenya ikibana sana inakata punje. Ikilegea inapitisha maganda, na maganda tangini yanachafua rangi ya kahawa. Mbichi ndizo zinazoniudhi zaidi, kwa sababu utelezi wake haujakomaa. Ukizichanganya na mbivu, hakuna saa hata moja ambayo tangi zima litakuwa tayari, kwa hiyo usije kuniuliza.

Sasa tangi lenyewe. Utelezi unaobaki juu ya ganda gumu baada ya kumenya ni maji, sukari na pektini, ile gundi ya tunda. Vimeng'enya vya tunda lenyewe, vikisaidiwa na bakteria na hamira za asili, huivunjavunja pektini mpaka utelezi ukubali kuondoka na maji. Kasi ya kazi hiyo inaamuliwa kwanza na joto. Kusini tunavuna kipupwe, na usiku wa Juni au Julai tangi la saruji lililo wazi linaweza kweli kuhitaji saa 36, au zaidi. Kahawa ya namna hiyohiyo kwenye ukanda wa chini wa Kilimanjaro, jua la Oktoba likiwaka, inaweza kuwa tayari kwa saa 12 hadi 18. Mwenye daftari la 36 huko anaivundika mara mbili.

Na si joto la hewa tu. Tangi lililojaa hutunza joto lake; debe moja kwenye ndoo hupoa na kuchelewa. Ukivundika bila maji, kazi huenda haraka. Ukifunika kahawa kwa maji, huenda polepole ila kwa usawa zaidi. Maji ya kumenyea yakirudishwa tena na tena yanabeba sukari na vijidudu, na muda unafupika bila wewe kuambiwa. Kumimina kahawa ya leo juu ya ile ya jana ni kuharibu zote mbili: ukisubiri ya leo, ya jana imepitiliza, ukiosha kwa ajili ya jana, ya leo bado inateleza.

Kipimo ni mkono. Chota kahawa sehemu kadhaa, katikati, chini, na hasa kwenye kona, maana ukutani ndiko kunakopoa. Isuuze kwa maji safi, kisha isugue viganjani. Ikiteleza, bado. Ikikwaruza na kutoa sauti ya kokoto, angalia mfereji wa katikati ya punje, kwa sababu utelezi huondoka hapo mwisho. Mfereji ukiwa safi, osha. Wapo wanaochomeka fimbo tangini na kuichomoa: tundu likibaki wazi, kahawa iko tayari. Fimbo ni ya kukukumbusha kwenda kusugua, haitoshi peke yake. Anza kupima mapema, saa 10 au 12 baada ya kumenya, kisha kila baada ya saa 2. Ndiyo, na usiku pia.

Anayetaka kifaa aige cha Cenicafé, kituo cha utafiti wa kahawa cha Colombia, kinachoitwa Fermaestro. Ni chombo cha plastiki chenye matundu, umbo la koni iliyokatwa ncha. Unakijaza pomoni kahawa uliyoimenya sasa hivi na kukizamisha tangini pamoja na nyingine. Utelezi ukiyeyuka, punje hushikana na pengo hutokea juu. Hakina betri wala saa.

Ukichelewa, asidi inazidi. Kahawa huingia tangini ikiwa na pH (kipimo cha asidi; kikishuka, asidi imepanda) ya karibu 5.5 na hushuka kuelekea 4.5. Ikiendelea kukaa, kwanza unapata harufu ya siki, kisha asidi za propioniki na butiriki zinazoleta ladha ya kitunguu. Mbaya kuliko zote ni punje ya uvundo, mara nyingi ile iliyobaki tangu jana kwenye kona ya tangi au ndani ya mashine. Moja tu inaharibu kikombe kizima, na muonjaji hana haja ya kujua ilitoka kona gani.

Hapa nikiri jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita kimyakimya: ni kiasi gani cha ladha kinatoka kwenye kuvundika kwenyewe, bado tunabishana. Mitambo inayosugua utelezi kwa dakika chache bila kuvundika kabisa hutoa kahawa ambayo mara nyingi waonjaji hushindwa kuitofautisha na iliyovundikwa vizuri. Selmar na Bytof, kule Braunschweig, Ujerumani, walionyesha kwamba mbegu ya kahawa huanza kuota wakati wa usindikaji. Kwa hiyo huenda baadhi ya sifa tunazolipa tangi zinatokana na mbegu iliyo hai. Mimi naegemea kwenye usafi: kuvundika vizuri kunalinda ladha iliyotoka shambani zaidi ya kuongeza mpya.

Ndiyo maana 72 inanikera. Zile video ni za mapipa yaliyofungwa, yenye vali ya kutoa gesi, joto na pH vikipimwa, na mara nyingi mnunuzi amekubali ladha hiyo kabla. Ukiiga saa bila pipa, kwenye tangi la wazi, kisha ukaipeleka mnadani Moshi kama kahawa ya kawaida, muonjaji ataandika kwamba imechachuka, na bei itafuata alichoandika.

Na ikiwa tayari saa nane usiku, hakuna wafanyakazi? Fungua bomba, maji ya utelezi yatoke yote, suuza mara moja huku ukikoroga, kisha funika kahawa kwa maji safi ya baridi mpaka asubuhi. Haidhuriki. Alfajiri maliza kuiosha mpaka maji yatoke meupe, tenga nzito na nyepesi kwenye mfereji wa kuoshea, halafu uipeleke kichanjani ikauke.