Je, wajua? Burundi asilimia 40 ya bunge ni ya Watutsi, ila sio ya vyama vya Watutsi

Kwa miaka mingi nilikuwa naamini, na kuna siku nilimbishia mtu mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, kwamba baada ya vita Burundi waligawana bunge hivi: vyama vya Wahutu vinachukua viti 60 kwa mia, vyama vya Watutsi 40, kila mmoja anaenda na chake kama watoto wamegawana shamba la marehemu. Kumbe nilichopatia ni zile namba tu. Mengine yote nilikosea, na kosa lenyewe ndio sehemu tamu ya hii stori.

Historia kwa haraka. Juni 1993 Melchior Ndadaye anachaguliwa rais, Mhutu wa kwanza kushika nafasi hiyo na wa kwanza kuchaguliwa kwa kura za wananchi, anamteua waziri mkuu Mtutsi, Sylvie Kinigi, anajitahidi kuchanganya serikali, halafu tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo wanajeshi, wa jeshi lililotawaliwa na Watutsi, wanamuua. Vita iliyofuata inakadiriwa kuua watu kama 300,000. Mazungumzo yakaanza Arusha 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, yeye akafariki Oktoba 1999, akapokea Mandela, na mkataba ukasainiwa 28 Agosti 2000 huku makundi makubwa ya msituni yakiwa hayajasaini. Katiba iliyoweka mambo yake kwenye sheria ilipita kwa kura ya maoni Februari 2005.

Sasa turudi kwenye kosa langu, kwa sababu halikuwa la kijinga kihivyo. Kule Arusha vyama vyenyewe vilikaa kwa kambi, vile vya Wahutu vilikuwa saba vikaitwa G7 na vya Watutsi kumi vikaitwa G10, kwa hiyo mtu ukiangalia unasema ah, hizi ndio pande mbili, watagawana hizi. Tena nilidhani 60 kwa 40 imetoka kwenye sensa. Haijatoka huko. Makadirio ya zamani yanayorudiwa kila mahali ni Wahutu 85, Watutsi 14 na Watwa 1 kwa mia, sasa hapo 40 unaipata wapi kwa kupiga hesabu? Ni namba ya mezani, watu wameivutana mpaka wakakubaliana, na ina akili yake ndani: katiba ya 2005 ilitaka theluthi mbili ya bunge ndio sheria ipite, na asilimia 60 haifiki theluthi mbili hata uinyooshe vipi.

Lakini kosa kubwa ni la vyama. Katiba haisemi asilimia 40 iende kwa vyama vya Watutsi. Inasema asilimia 40 ya wabunge wawe Watutsi. Ukisoma harakaharaka unaona ni kitu kimoja, wakati ni mbingu na ardhi. Mtutsi aliyeingia kwa tiketi ya chama kilichojaa Wahutu anahesabika kwenye ile 40 sawasawa na yule wa chama cha Watutsi. Na sio kwamba hili lilipita kwa bahati mbaya bila mtu kuliona. Agosti 2004, kwenye makubaliano ya Pretoria ya kukamilisha mgao, vyama vya Watutsi vikiongozwa na UPRONA viligoma kusaini kwa sababu hiyohiyo, vilitaka 40 iwe ya vyama vyao. Hoja yao ilikuwa kwamba Mtutsi aliyewekwa kwenye orodha na chama cha Wahutu atamtii aliyemweka, sio Watutsi wenzake. Kumbe kwa mfumo wenyewe hicho ndicho hasa kilichokuwa kinatafutwa, vyama vyenye mchanganyiko.

Unafanyaje sasa ili chama kilichotoka msituni kupigania Wahutu kikatafute Watutsi chenyewe bila kusukumwa? Hapa ndipo kuna kale kasheria kadogo ambako mimi nakapenda kupita kiasi. Burundi kwenye ubunge hupigii mtu kura, unapigia chama, na chama kinakuwa na orodha iliyofungwa, majina yamepangwa kuanzia wa kwanza kushuka chini. Katiba inasema katika kila majina matatu yanayofuatana, wasizidi wawili wa kabila moja. Na katika kila wanne, angalau mmoja awe mwanamke.

Fikiria unatunga shanga. Una nyeusi na nyeupe, na sharti ni moja tu, ukizishika tatutatu zisiwe zote rangi moja. Kwa hiyo unatunga nyeusi, nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeusi, nyeupe, unaenda hivyo mpaka uzi uishe. Siku ya uchaguzi wananchi wanakuja na mkasi. Ukipata kura za viti vitatu wanakata baada ya shanga ya tatu, ukipata za viti tisa wanakata baada ya tisa, na popote mkasi utakapopita baada ya shanga mbili za mwanzo, kipande kinachobaki mkononi mwako kina rangi zote mbili.

Ungeweza kuuliza, si wangesema tu orodha nzima iwe na theluthi ya kabila lingine? Wangesema hivyo kila chama kingetunga nyeusi zote mwanzo na nyeupe zote mkiani, mkasi usikofika. Orodha kwenye karatasi ingependeza, bungeni wangeingia wa rangi moja. Ni ujanja uleule unaofanyiwa wanawake sehemu nyingi tu, wanajaa kwenye orodha ila kuanzia namba 40 kwenda chini. Sheria ya tatutatu inaziba huo mlango.

Matokeo yake yanachekesha kidogo. CNDD-FDD, waliokuwa waasi wenye jeshi la Wahutu hasa, 2005 ikabidi waingie mitaani kusaka wagombea Watutsi wa kuwaweka nafasi za juu zenye uhakika wa kushinda, sio wa kupamba.

Ila mwenye macho makali keshaona tatizo: mbili kwa moja sio 60 kwa 40, ni 67 kwa 33. Hapo inaingia nyongeza. Bunge lina viti 100 vya kuchaguliwa, tuseme wameingia Wahutu 67 na Watutsi 33, huwezi kumfukuza mtu aliyeshinda, kwa hiyo tume ya uchaguzi inaongeza Watutsi mpaka mizani ikae, kwa hesabu hiyo kama 12 hivi, bunge linafika 112. Kuna nyongeza pia ya wanawake mpaka wafike asilimia 30, na Watwa watatu ambao wana nafasi zao kabisa. Ndio maana idadi ya wabunge wa Burundi inabadilika kila uchaguzi. 2005 walikuwa 118, 2010 wakawa 106, 2015 wakawa 121. Na 2005 zile nyongeza 15 ziligawiwa sawa kwa vyama vitatu vikubwa, tano tano, kwa hiyo CNDD-FDD wakatoka 59 kwenda 64, hawakuhisi sana, ila UPRONA waliokuwa na 10 wakalala 10 wakaamka 15. Nusu nzima ya ziada bila kura hata moja.

Seneti wao ni nusu kwa nusu, kila mkoa maseneta wawili, Mhutu mmoja na Mtutsi mmoja. Jeshi na polisi, kabila moja lisizidi asilimia 50, na ukikumbuka nani walimuua Ndadaye utaelewa kwa nini wapo wanaosema hicho ndicho kipengele chenyewe, bunge ni pambo tu. Sikubaliani na hilo la pambo ila naelewa wanakotoka.

Na usidhani wangeweza kugawana maeneo kama walivyofanya Bosnia. Burundi hakuna mkoa wa Wahutu na mkoa wa Watutsi, wanaishi kwenye vilima vilevile, wanaongea Kirundi kilekile, huna pa kuchora mstari. Rwanda hapo jirani baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 walichagua njia ya kinyume kabisa, habari za makabila zisitajwe kwenye siasa. Burundi wakaamua bora zitajwe, tena kwa asilimia.

Je, ilifanya kazi? Hapa inabidi mtu aende polepole. Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD, chama tawala, alipotangaza kugombea muhula wa tatu nchi ililipuka, kukawa na jaribio la mapinduzi mwezi Mei likiongozwa na Jenerali Godefroid Niyombare, Mhutu aliyewahi kupigana upande mmoja na rais mwenyewe, watu wakauawa na laki kadhaa wakakimbilia nje. Lakini waandamanaji walikuwa mchanganyiko, jeshi halikukatika kwa kabila, na wengi waliohofia marudio ya 1993 hawakuyaona. Kusema ni ile sheria ya shanga iliyozuia ni kuipa sifa zaidi ya ushahidi uliopo, maana watu walikuwa pia wamechoka na vita na chama tawala kilikuwa na wapinzani wakubwa wa kabila lake lenyewe. Katiba mpya ya 2018 ikalegeza sharti la theluthi mbili, na ikaipa Seneti miaka mitano ya kuangalia kama migao ya kikabila iendelee au ifutwe.

Afu ikaja Juni 2025. CNDD-FDD wakabeba viti vyote 100 vya kuchaguliwa, upinzani sifuri, UPRONA sifuri. Na tume ikakaa chini ikapiga hesabu yake kama kawaida, ikaongeza Watutsi waliopungua, ikaweka Watwa watatu, 60 kwa 40 ikatimia.