Pawabenki yako ikae wapi ndani ya ndege

Kazi yangu ni bidhaa hatari zinazosafirishwa kwa ndege. Rangi, mitungi ya gesi, barafu kavu, vyote vina kurasa zake kwenye kanuni, lakini kinachoniita kaunta mara nyingi ni pawabenki iliyofichwa katikati ya nguo, ndani ya begi ambalo tayari limebandikwa tagi. Eksirei imeiona, begi limezuiwa, mwenyewe anatafutwa, na foleni nzima inamtazama akifunua kanga na viatu.

Swali huwa lile lile: "Sasa kaka, kama ni hatari, mbona mnataka nipande nayo?"

Swali la haki kabisa. Betri ya lithiamu ikiharibika ndani, kwa kuangushwa au kwa kutengenezwa ovyo, umeme hupita pasipotakiwa. Joto linapanda, kemikali zinachachamaa na kutoa joto zaidi, seli moja inawasha ya jirani. Kule chini kwenye mizigo kuna gesi ya haloni ya kuzimia moto. Haloni huua miali, ila haipozi betri, na betri yenye joto inaweza kuwaka tena. Huku juu kuna abiria watakaosikia harufu mapema, na wahudumu waliofunzwa kuimwagia maji mengi mpaka ipoe.

Ndiyo maana pawabenki na betri zote za akiba ni za begi la mkononi tu. Laptopu na simu nazo bora ubaki nazo; ukilazimika kuziweka kwenye begi la chini, zizimwe kabisa.

Kipimo kinachotumika ni wati-saa (Wh), yaani kiasi cha nishati ambacho betri inabeba. Hadi 100 unapita. Kuanzia hapo hadi 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege, na mwisho ni mbili. Zaidi ya 160 abiria habebi. Kama imeandikwa mAh tu, gawa kwa 1,000 kisha zidisha kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya kawaida ya seli za ndani. Ya 20,000 inakupa 74, salama. Ya 30,000 inakupa 111, kaombe ruhusa kabla ya siku ya safari. Usikubali mtu akuzidishie kwa 5 ya tundu la USB. Hiyo ni volti ya kutokea.

Halafu kuna zile za bei ya kutupa zilizoandikwa 50,000 mAh, nyepesi hata hazitoshi kujaza simu mara tatu. Mimi najua namba ni ya uongo, na mwenye nayo anajua. Lakini sina maabara pale kaunta, nahukumu kwa maandishi, na maandishi yanasema 185. Inabaki. Iliyofutika maandishi nayo mara nyingi inabaki.

Mashirika yanaweza kubana zaidi ya hapo. Tangu 1 Oktoba 2025 Emirates inaruhusu moja tu, isiyofika 100, na hutaichajia simu ndani ya ndege. Wanaoenda Guangzhou kuchukua mzigo wajue kwamba tangu 28 Juni 2025 safari za ndani ya China hazikubali pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa.

Usiitupie kwenye kabati la juu. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini huko Korea Kusini, moto ukianzia kwenye kabati hilo. Wachunguzi walisema huenda chanzo ni pawabenki. Weka mfukoni mwa kiti au kwenye begi lililo miguuni. Betri za kamera na droni zibandike utepe kwenye ncha za chuma, au kila moja ikae kwenye mfuko wake wa plastiki, zisigusane na funguo wala sarafu.

Na ndege ikijaa, mhudumu akakuomba begi lako la mkononi mlangoni ili liende chini, toa pawabenki kwanza. Wengi husahau hapo, kwa sababu eksirei wameshaipita.