Je, wajua kwa nini daktari anaweza kukuandikia jumba la sanaa badala ya vidonge?

Huko Montreal, Kanada, mgonjwa aliweza kutoka kwa daktari na cheti ambacho hakukipeleka duka la dawa. Alikipeleka mlangoni pa jumba la sanaa la mji huo, akaingia bure. Mpango huo ulianza Novemba 2018 kwa majaribio, jumba hilo likishirikiana na chama cha madaktari wa Kanada wanaozungumza Kifaransa. Cheti kimoja kiliingiza watu wazima wawili na watoto wawili. Hapo ndipo naona akili ya mpango wenyewe: mgonjwa hatumwi peke yake, na anayemuuguza nyumbani, ambaye mara nyingi amechoka kumshinda mgonjwa, naye anapata pa kupumulia.

Sasa, picha ukutani inatibu nini? Haishushi homa wala haiui vijidudu. Kazi yake iko kwenye mambo yanayouzunguka ugonjwa: msongo wa mawazo, upweke, na kukaa ndani siku nzima ukiwaza maumivu. Ukisimama mbele ya mchoro, macho na fikra vinapata pa kushika. Umetembea kidogo pia, na una la kuzungumza na mwenzio lisilohusu dawa.

Jumba la sanaa la MoMA la New York, Marekani, lililiona hilo mapema. Tangu 2006 lilikuwa likiwakaribisha wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa unaofuta kumbukumbu, pamoja na ndugu wanaowatunza, wakiongozwa na mwalimu wa sanaa kuzitazama kazi chache tu na kuzijadili. Hakuna anayeulizwa jana alikula nini. Kwa mtu aliyezoea kusahihishwa kutwa nzima, kuulizwa anaona nini kwenye picha ni heshima kubwa. Jibu lake haliwezi kuwa kosa.

Utafiti nao upo. Daisy Fancourt na Andrew Steptoe wa London walichambua taarifa za watu zaidi ya 6,000 wa Uingereza wenye miaka 50 na kuendelea, waliofuatiliwa kwa takriban miaka 14. Mwaka 2019 walieleza kwamba waliokwenda makumbusho, maonyesho ya sanaa, tamthilia au muziki kila baada ya miezi michache walikuwa na hatari ya kufa pungufu kwa asilimia 31 kuliko wasiokwenda kabisa, hata baada ya kuhesabu tofauti za mali, elimu na afya. Usikimbilie kusema sanaa huongeza umri, lakini. Utafiti wa kufuatilia watu namna hii unaonyesha mambo mawili yanaandamana. Hauthibitishi kwamba moja limezaa jingine. Mwenye nguvu za kutoka nyumbani huenda alikuwa na nafuu tangu mwanzo.

Brussels, Ubelgiji, ilifuata mwaka 2021 kupitia hospitali ya Brugmann, kwa wagonjwa wenye msongo na uchovu wa akili. Kati ya makumbusho waliyoandikiwa limo la mifereji ya majitaka ya jiji! Kwa hiyo uzuri wa picha si dawa pekee. Kwa mtu aliyejifungia chumbani wiki kadhaa, cheti cha daktari kinaondoa gharama ya tiketi, na kinampa sababu ya kuvaa viatu.