Mimea Miwili Mifupi: Jeni ni Moja au Mbili?

Anayelima mpunga wa Supa anajua uchungu wa kwenda shambani baada ya usiku wa mvua na upepo akakuta mpunga wote umelala. Ndiyo maana mmea mmoja mfupi uliosimama imara kati ya mirefu hutushtua sisi watafiti. Lakini ufupi peke yake si ushahidi. Huenda ulikosa mbolea tu.

Kwanza tunapanda mbegu zake. Watoto wakiwa wafupi pia, hapo ufupi ni wa kurithi. Kisha tunauchavusha kwa chavua ya mmea mrefu, kazi inayotaka mkono mtulivu: unakata ncha ya ganda la ua kwa mkasi, unatoa stameni zote 6, yaani viungo vya kiume vya ua, kwa kibano kabla hazijamwaga chavua, unalifunika suke kwa mfuko wa karatasi. Stameni moja ikibaki, ua hujichavusha lenyewe na msimu umepotea.

Watoto wote wakitoka warefu, na wajukuu wakagawanyika kama warefu 3 kwa mfupi 1, tunajua ni jeni moja, na nakala iliyoharibika hujificha penye nakala nzima. Nasisitiza kuhesabu mimea mia kadhaa, ishirini hudanganya.

Sasa, mimea miwili mifupi ya asili tofauti, je? Huko California, mbegu za mpunga wa Calrose zilipigwa mionzi ya gama, ikapatikana aina fupi iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1976, Calrose 76. Asia nako kulikuwa na mpunga mfupi wa Taiwan uitwao Dee-geo-woo-gen, mzazi wa IR8, aina fupi iliyotolewa mwaka 1966. Ufupi wa namna hizi mbili ulikutanishwa. Kama jeni zingekuwa tofauti, kila mzazi angeziba pengo la mwenzake na watoto wangerefuka. Hawakurefuka. Jeni ni ile ile.

Mwaka 2002 jeni hiyo, sd1, ilisomwa: hutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za mwilini, cha kuzalisha jiberelini, homoni inayorefusha shina. Dee-geo-woo-gen imepoteza kipande kizima cha jeni. Calrose 76 imebadilika herufi moja tu ya DNA.

Ukiona mmea mfupi uliosimama imara kati ya mirefu shambani kwako, tafadhali usiuvune pamoja na mingine. Weka masuke yake kando, yakauke vizuri, uyapeleke kituo cha utafiti wa kilimo kilicho karibu nawe.