Cornas haitaki haraka

Watu hufungua chupa ya mvinyo wa Cornas ikiwa na miaka mitatu, wakaonja, wakakunja uso. Ulimi unakauka, ufizi unakaza, na tunda halisikiki. Mvinyo hauna kasoro. Umefunguliwa kabla ya wakati wake.

Cornas ni kijiji cha Ufaransa, ng'ambo ya magharibi ya mto Rhône, na jina lake linalindwa kisheria tangu 1938. Hutoa mvinyo mwekundu tu, wa zabibu nyeusi iitwayo Syrah, bila mchanganyiko. Wenzao wa Côte-Rôtie, kaskazini zaidi kando ya mto huohuo, wanaruhusiwa kuchanganya hadi asilimia 20 ya Viognier, zabibu nyeupe yenye manukato. Cornas hawana ruhusa hiyo, kwa hiyo Syrah hujisemea yenyewe.

Shamba lenyewe ni mteremko wa graniti iliyochakaa, mkali kiasi kwamba sehemu nyingi trekta haipiti. Kila mzabibu umefungwa kwenye kigingi chake, na kazi ni ya mikono. Udongo ni haba, maji hayatuami. Mzabibu wa miaka 60 mahali kama hapo huzaa vichala vichache, mara nyingi vya punje ndogo, na punje ndogo ina ganda jingi ikilinganishwa na maji yake. Rangi na sehemu kubwa ya tanini, ile dutu inayokausha kinywa, hutoka kwenye ganda.

Tanini changa hushika protini za mate, ndiyo maana kinywa hukauka. Ndani ya chupa huungana polepole zenyewe kwa zenyewe na pamoja na rangi: nyingine huzama zikawa mashapo, zilizobaki hulainika. Tindikali nayo huutunza mvinyo usichoke njiani. Pipa jipya la mwaloni haliwezi kuleta uimara huo. Huongeza vanila na ukali wa mbao, na kwangu mimi huifunika Syrah. Nawapenda zaidi wanaotumia mapipa makuukuu ya lita 600.

Syrah hunukia pilipili manga, na harufu hiyo ni ya pilipili manga kweli. Hutokana na rotundoni, kemikali iliyomo pia kwenye pilipili manga, ambayo watafiti wa Australia waliitangaza mwaka 2008. Umri ukisogea, huongezeka harufu za zeituni nyeusi, nyama ya moshi na ngozi.

Mwaka wa mavuno mazuri, ipe chupa miaka kumi, ilale gizani kwenye nyuzi 12 hadi 14 za Selsiasi. Isimamishe siku moja kabla ya kuifungua, mashapo yatulie, kisha mimina taratibu kwenye jagi la kioo na ukome yanapofika shingoni.