Je, wajua kwa nini mzaha mmoja wa redio ulipata malalamiko mawili, kisha zaidi ya 40,000?

Usiku wa Jumamosi, 18 Oktoba 2008, kituo cha Radio 2 cha BBC jijini London kilirusha kipindi cha mchekeshaji Russell Brand. Aliyekaa naye studio ni mtangazaji Jonathan Ross. Walitarajia kuongea kwa simu na Andrew Sachs, mwigizaji wa miaka 78, lakini hakupokea, wakamwachia ujumbe wa sauti. Katikati ya ujumbe Ross akaropoka kwamba Brand amelala na mjukuu wa yule mzee. Wakapiga tena, eti kuomba radhi, na kila walivyopiga ndivyo walivyotonesha kidonda. Wakatania kwamba huenda mzee akajiua kwa habari hiyo, wakaimba, wakacheka. Jumbe nne kwa jumla, na zote zikaenda hewani.

Baada ya kipindi, BBC ilipokea malalamiko mawili.

Jumapili ya wiki iliyofuata, tarehe 26, gazeti la Mail on Sunday likaichapa habari. Ndani ya siku chache malalamiko yalipita 30,000, na mwishowe yakavuka 40,000. Waziri Mkuu Gordon Brown akakemea, na mpinzani wake David Cameron akakemea pia. Tarehe 29 Brand alijiuzulu. Kesho yake akafuata Lesley Douglas, mkuu wa Radio 2, na Ross akasimamishwa kazi wiki 12 bila malipo. Aprili 2009 Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji Uingereza, iliitoza BBC faini ya pauni 150,000.

Maneno ya Jumamosi ile hayakubadilika hata herufi. Sasa hao maelfu walitoka wapi?

Sehemu ya kwanza ya jibu ni nyepesi. Waliokuwa wanasikiliza usiku ule ni watu waliokwisha kumzoea Brand, na anayefungulia kipindi cha mchekeshaji mwenye mdomo mchafu ameufuata huo mdomo. Ukimya wao unatuambia wao ni akina nani, hautuambii kama mzaha ulikuwa safi. Tena redio ina hila yake: ukisikia watu wawili wanacheka nawe unavutwa, unacheka kabla hujajua unachekea nini. Gazeti lilipoyachapa maneno yale, kicheko kilibaki studio. Kwenye karatasi pakabaki mzee, wanaume wawili watu wazima, na habari za kitandani za mjukuu wake.

Ni kweli kwamba magazeti ya kundi la Mail hayakuwa marafiki wa BBC, na kwamba wengi waliolalamika hawakukisikia kipindi chenyewe. Wapo waliosema hasira ile ilichochewa. Inawezekana, lakini hoja hiyo hainishawishi sana. Ukisimuliwa leo kwamba jirani yako mzee alitukanwa wiki iliyopita ulipokuwa safarini, utakasirika leo, na hakuna atakayekuuliza kwa nini hukukasirika siku ile.

Halafu Sachs hakuwa mzee wa hivi hivi. Waingereza walimjua kama Manuel, mhudumu wa hoteli kutoka Barcelona katika tamthilia ya vichekesho ya Fawlty Towers, asiyeelewa maagizo na kuishia kupigwa na bosi wake. Vipindi vilikuwa 12 tu, vya mwaka 1975 na 1979, ila vilirudiwa mpaka watoto wakavijua. Mwenyewe alizaliwa Berlin mwaka 1930, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1938 kuwakimbia Wanazi. Kwa hiyo aliyechezewa alikuwa mtu aliyewachekesha watu maisha yake yote kwa kukubali kuwa yeye ndiye anayeonewa.

Hapa ndipo mtu wa Iringa au Mbeya anapokuwa na njia fupi ya kulielewa jambo hili kumpita Mwingereza, kwa sababu sisi tumekulia ndani ya utani, na utani una sheria.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na kilichobaki leo ni utani. Mngoni anaweza kuingia kwenye msiba wa Mhehe akaanza kejeli mbele ya jeneza, akamwambia marehemu aamke aache uvivu, na wafiwa wakacheka huku machozi yanawatoka. Mhehe atakumbushwa habari za kula mbwa mpaka achoke. Hakuna anayekwenda polisi. Ila angalia kinachobeba ruhusa hiyo. Anayetaniwa anamjua mtani wake, yupo pale pale, na ana haki ya kurudisha kombora zito kuliko alilopigwa. Mtani naye, akishamaliza maneno, ndiye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Ukiondoa hayo yote ukabakiza maneno peke yake, umebakiza matusi.

Sheria ya pili inahusu nani na nani. Sehemu nyingi za nchi yetu babu na mjukuu wanataniana bila mpaka: babu anamwita mjukuu wake mke wangu, mjukuu anamjibu kwamba yeye hataki mume asiye na meno, na mama mtu amekaa pembeni anacheka. Lakini upande wa wakwe ni kinyume kabisa. Huko Rungwe na Kyela, mila ya zamani ya Wanyakyusa ilimtaka mke akwepe kukutana uso kwa uso na baba mkwe wake, asimwangalie na wala asilitamke jina lake. Siku hizi wengi hawaishi hivyo, ila adabu yenyewe bado ipo. Nani wetu anaweza kumsimulia mkwe habari za chumbani?

Sasa rudi London. Brand na Ross waliingia kwenye uwanja wa babu na mjukuu, uwanja wa mizaha, wakiwa watu wa nje. Tena walijitangaza wenyewe kwamba wamo kwa njia ile ile inayomfanya mtu awe upande wa wakwe, yaani upande wa aibu na heshima. Aliyepaswa kunyamaza kuliko wote ndiye aliyepewa kipaza sauti. Nadhani Waingereza wengi walilihisi hilo bila kuwa na mila ya kulielezea, wakaishia kusema tu kwamba limevuka mpaka.

Hata hivyo, mzaha mbaya peke yake haungemng'oa mkuu wa kituo kazini. Kilichoigeuza hasira kutoka kwa wachekeshaji kwenda kwa BBC ni kwamba kipindi hakikuwa cha moja kwa moja. Kilirekodiwa siku kadhaa kabla. Kuna watu waliokaa, wakasikiliza, wakaruhusu. Ofcom ilipochunguza ilikuta kipindi kimetengenezwa na kampuni ambayo Brand mwenyewe alikuwa mmoja wa wenye hisa, na ikaona BBC haikuwa na usimamizi wa kutosha juu yake. Ridhaa ya kurusha ujumbe ule haikupatikana ipasavyo, si kwa mzee, si kwa mjukuu. Mtu akiteleza ulimi hewani utamsamehe, lakini ulimi uliosikilizwa tena na kupitishwa umekuwa uamuzi wa ofisi.

Juu ya hapo kuna pesa. BBC inaendeshwa kwa ada ya leseni ya televisheni, ambayo mwaka 2008 ilikuwa pauni 139.50 kwa kaya, na Ross aliripotiwa kulipwa mamilioni ya pauni kwa mwaka. Mlalamikaji hakuwa mteja anayeweza kuhama stesheni akamaliza kazi, alikuwa mlipaji. Na hata ile faini ilitoka kwenye mfuko huo huo, jambo ambalo mpaka leo naliona la ajabu.

Kwa redio za biashara pesa hupita mlango mwingine. Kenya, Machi 2021, watangazaji wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walifanya gumzo la kumlaumu mwanamke aliyeanguka kutoka ghorofa ya 12 Nairobi, katika kesi iliyokuwa ikidaiwa kuwa ya kutaka kumuua. Haukuwa mzaha wa simu, lakini tabia ni ile ile ya kucheka na mtu asiye na nafasi ya kujibu. Kampuni ya bia ya East African Breweries iliondoa matangazo yake kituoni, watangazaji wakafukuzwa, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikasimamisha kipindi na kutoza faini ya shilingi milioni moja. Mdhamini alitembea haraka kuliko mamlaka, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi.

Kisa kizito zaidi ni cha Australia. Desemba 2012 watangazaji wawili wa 2Day FM ya Sydney walipiga simu hospitali ya King Edward VII, London, wakijifanya Malkia Elizabeth na Prince Charles, kuulizia hali ya Kate, mke wa Prince William, aliyekuwa amelazwa kwa kichefuchefu kikali cha ujauzito. Muuguzi aliyepokea akawaunganisha wodini. Rekodi ilipitiwa na wanasheria wa kituo kabla ya kurushwa. Siku chache baadaye, tarehe 7, yule muuguzi aliyepokea simu alikutwa amefariki. Ilithibitishwa baadaye kwamba alijiua. Wafanyabiashara wakaondoa matangazo, na suala la kurusha mazungumzo yaliyorekodiwa bila ridhaa likafika hadi Mahakama Kuu ya Australia, ambayo mwaka 2015 iliamua dhidi ya kituo. Hakuna aliyekuwa amemtukana muuguzi. Alikuwa kazini tu, akafanywa ngazi ya kumfikia mtu maarufu.

Ndiyo maana sizipendi sana zile simu za mzaha zinazosikika asubuhi ukiwa kwenye daladala kutoka Kabwe kwenda Uyole, ingawa nakiri nyingine zinachekesha. Namba hutolewa na rafiki au mke wa anayepigiwa, mtangazaji anajifanya mtu wa mikopo au mwenye nyumba, mtu anapaniki, mwisho anaambiwa yuko hewani. Akidaiwa hela asizokopa, atafoka, atacheka, yamekwisha. Lakini tuseme anapigiwa mfanyabiashara wa viazi aliyepakia usiku kwenda Dar es Salaam, anaambiwa lori lake limepinduka Mlima Kitonga na dereva haonekani. Malori yanaanguka kweli Kitonga, na madereva wanakufa kweli. Kwa dakika nzima huyo mtu hayuko kwenye kichekesho, yuko kwenye msiba, na wanaosikia anavyolia ni mji mzima unaomjua kwa sauti. Sachs alikuwa na wakala wa kumsemea na magazeti ya kumtetea. Mama wa viazi pale sokoni ana simu yake tu, na kipande cha sauti kitakuwa kimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla hajarudi nyumbani.

Utaratibu unaomlinda upo, ingawa wengi hawautumii. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi, familia yake na mawasiliano yake. Maudhui ya redio na televisheni yana kanuni za mwaka 2018, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na malalamiko husikilizwa na Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Neno la kukazia hapa ni ridhaa. Kumuuliza mtu "hujakasirika, eh?" wakati kipaza sauti bado kiko wazi na studio nzima inacheka hakumwachii nafasi ya kukataa. Vituo vinavyofanya kazi hii kwa uangalifu hurekodi kwanza, humpigia mtu tena akiwa ametulia, na akikataa hufuta.

Kama yamekukuta na hukuulizwa, andika tarehe, saa na jina la kipindi mapema, maana rekodi hazikai milele. Anza kwa barua kwa kituo chenyewe, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Wakikuzungusha, ofisi ya TCRA Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iko Mbeya mjini, na wa Iringa, Njombe au Songwe naye anaweza kupeleka nakala ile huko.