"Dokta, hii karatasi inaenda kwa metroni?"

Niliulizwa hivyo kwenye wodi ya kwanza niliyoingia na dodoso la utamaduni wa usalama wa mgonjwa, yaani maswali ya jinsi wafanyakazi wanavyoona mgonjwa anavyolindwa na makosa yanavyochukuliwa hapo kazini. Kabla sijajibu, yule sista alikuwa ameshafika sehemu ya kada, wodi na miaka kazini, kalamu ikasimama. Nilimwelewa. Kwenye wodi yenye mtaalamu mmoja tu wa usingizi, ukishajaza hayo matatu umeandika jina lako. Sasa sehemu ile naipunguza mwenyewe, na karatasi zinaingia kwenye boksi la katoni lililofungwa, si mikononi mwa inchaji.

Dodoso ni la AHRQ, wakala wa serikali ya Marekani wa utafiti na ubora wa huduma za afya. Lilitoka 2004 na maswali 42 katika vipengele 12. Toleo la 2019 lina 32 katika vipengele 10. Kila kipengele unakitafutia asilimia ya majibu chanya, yaani yanayoonyesha usalama uko vizuri: 75 kwenda juu mko vizuri, 50 kushuka pana kazi. Angalia maswali yaliyogeuzwa. Kwa "Ukikosea hapa, kosa lako litakufuata", anayekataa ndiye anayehesabiwa chanya. Aliyetiki "nakubali" kuanzia juu hadi chini hakusoma, alitaka kurudi kwa wagonjwa wake. Simlaumu.

Kipengele kinachoshika mkia mara nyingi, kwetu na kwingineko, ni namna kosa linavyopokelewa. Swali mojawapo linauliza kama tukio likiripotiwa anayeshughulikiwa ni mtu au tatizo. Nililitafsiri mara tatu, bado likasomeka kama fumbo, mpaka muuguzi mmoja aliponiambia: "Dokta, weka tu 'unaandikishwa maelezo'." Wodi nzima ikaelewa.

Kuna pia swali la umeripoti matukio mangapi ndani ya miezi 12. Hapo usishangilie sifuri. Muuguzi huyohuyo, tukinywa chai, alinisimulia usiku aliokuta ampuli za potasiamu kloraidi zimechanganywa na za maji ya sindano kwenye trei moja. Umbo lilelile, maji meupe yaleyale. Alikuwa ameshaivunja shingo moja ndipo akasoma maandishi. Ikipigwa moja kwa moja kwenye mshipa, potasiamu kloraidi husimamisha moyo. Akaimwaga, akazitenganisha zilizobaki, akaendelea na zamu.

Nikamuuliza kwenye lile swali alijaza ngapi.

"Hakuna," akasema, akaongeza sukari.